Pigano, Vita au Mapinduzi? Uhakiki wa Istilahi za Shangi na Rucunshu, 1896

Historia ya ukoloni hupenda kutaja pigano moja lililoamua. Mfano mashuhuri ni Plassey, Bengal, tarehe 23 Juni 1757, ambapo Robert Clive, akiwa na askari wapatao 3,000, alimshinda Nawabu Siraj ud-Daulah aliyekuwa na jeshi kubwa mara nyingi zaidi. Lakini silaha hazikuamua peke yake. Mir Jafar, jemadari wa Nawabu, alikwisha kupatana na Waingereza kwa siri. Kikosi chake hakikupigana, naye akatunukiwa kiti cha bwana wake.

Rwanda ina kisa kinachokaribiana na hicho. Mwaka 1896, baada ya kifo cha Kigeli IV Rwabugiri, jeshi la Mwami Mibambwe IV Rutarindwa lilishindwa huko Shangi, karibu na Ziwa Kivu, na kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichoongozwa na Wabelgiji. Bisangwa, jemadari na nguzo ya Mwami, aliuawa. Hata hivyo, Wabelgiji hawakuitawala Rwanda kwa ushindi huo. Walionufaika nao walikuwamo ndani ya ikulu. Mwishoni mwa mwaka huohuo, huko Rucunshu, Kanjogera na ndugu yake Kabare walimwangusha Rutarindwa na kumtawaza Yuhi V Musinga. Kapteni Ramsay wa Ujerumani alipowasili mwaka 1897, alikuta utawala mpya unaohitaji mlinzi. Himaya ya Kijerumani ikakubaliwa.

Hapa ndipo istilahi za Kiswahili zinapostahili kuhakikiwa. “Vita” hubeba pigano la siku moja na pia uhasama wa miaka. “Mapinduzi” hubeba unyakuzi wa kiti na pia mageuzi ya mfumo mzima, kama ya Zanzibar mwaka 1964. Rucunshu ilibadili mkalia kiti. Ufalme wenyewe ulibaki. Msomaji wa Kigali anayekuta “mapinduzi ya Rucunshu” ana haki ya kuuliza kama yanalingana na yale yanayobishaniwa ya mwaka 1959.

Inafaa basi kuandika “pigano la Shangi” na “unyakuzi wa Rucunshu”. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, uteuzi huu unawahusu watunga mitaala na watunga sera, si wanaleksikografia pekee. Simulizi inayokomea kwenye bunduki za Shangi humlaumu mgeni kwa haki, lakini huwasamehe wenyeji waliomfungulia mlango.