Gurudumu gumu kwenye barabara ya kokoto: nani kasema lina spidi?

Muulize muuzaji yeyote wa viatu vya magurudumu, vile ambavyo mtaani tunaviita viatu vya matairi, akushauri uchukue vipi. Jibu ni lilelile: gurudumu gumu lina spidi na haliishi haraka, gurudumu laini linashika barabara lakini linakuchosha. Miongozo ya kununua iliyojaa mtandaoni inasema hivyohivyo, ila yenyewe inaweka na jedwali. 78A "kwa nje", 85A "kwa matumizi yote", 95A na kuendelea "kwa spidi". Mzazi wa Njiro anasoma, anapiga picha ya skrini, anaenda kununua.

Jedwali hilo halisemi uongo. Linasema ukweli wa sakafuni. Tatizo ni kwamba limeandikwa na watu ambao "nje" kwao ni lami iliyonyooshwa kama meza, halafu tunalitumia kwenye mji uliokaa begani mwa Mlima Meru.

Tuanze na hiyo herufi A. Kipimo chenyewe kinaitwa Shore, kutokana na Mmarekani Albert Shore aliyekitengeneza miaka ya 1920. Kifaa chake, durometa, kina sindano butu yenye springi. Unaikandamiza kwenye mpira, na kadiri inavyozama kidogo ndivyo namba inavyopanda kuelekea 100. Basi. Hakuna cha zaidi. Namba inakwambia sindano imezama kiasi gani, haikwambii gurudumu litafanya nini likishabonyea. Na hapo ndo pana mambo.

Gurudumu la poliyurethani likibebeshwa mtu, sehemu inayogusa chini inabonyea kidogo. Likizunguka, sehemu hiyo inaachia na kurudi ilivyokuwa, na nyingine inabonyea. Nishati uliyotumia kulibonyeza hairudi yote, nyingine inaishia kuwa joto. Ndiyo maana kwenye sakafu laini kabisa gurudumu gumu linashinda: halibonyei sana, kwa hiyo halina kikubwa cha kupoteza. Mpaka hapo jedwali liko sahihi.

Sasa lipeleke kwenye zile barabara zetu za mitaani ambako kokoto humwagwa juu ya lami ya moto na kushindiliwa. Unaijua hiyo barabara, ukianguka inakukwangua kama kikuno cha nazi. Gurudumu gumu likikuta kokoto iliyotokeza halina la kufanya ila kupanda juu yake, na likipanda linakuinua na wewe, mwili mzima, halafu linakuangusha. Mara mia kadhaa kwa dakika. Nishati ya kukuinua unaitoa wewe kwa miguu yako, nayo inapotelea kwenye mtetemo wa nyama za paja, magoti na meno. Gurudumu laini linaimeza kokoto: linabonyea pale tu palipotokeza, mguu unabaki usawa uleule. Linapoteza kidogo ndani yake, lakini linakuepusha na hasara kubwa zaidi ya kutikiswa. Kwa hiyo kwenye kokoto laini ndilo lenye spidi, na gumu ndilo linalochosha. Jedwali limegeuka juu chini.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Chombo cha mtoto, barabara mbovu, gurudumu gumu: ni kesi yetu hiihii. Na huhitaji kwenda Belfast. Nenda Goma ukaangalie chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa kusimamia unaobeba magunia ya viazi na mkaa kwenye mji uliojengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Gurudumu lake ni la mbao, lakini mafundi wanalivisha ukanda wa tairi la gari lililochakaa. Hakuna aliyewapa jedwali. Watoto wetu nao wanaotengeneza vipikipiki vya mbao kwa beringi kuukuu za chuma wanajua kabisa kwamba chombo kile kinakimbia kwenye saruji na kinagoma kwenye vumbi.

Jambo la pili ni ukubwa, na hapa wauzaji wana hadithi tamu zaidi: "chukua ya 110, inapita popote." Tufanye hesabu. Gurudumu likigota kwenye kokoto, kani ya kulisukuma mbele mpaka lianze kupanda inategemea nusukipenyo chake na kimo cha kokoto. Chukua kokoto ya milimita 8. Gurudumu la kipenyo cha milimita 80 linahitaji kani sawa na 0.75 ya uzito lililoubeba. La milimita 110 linahitaji 0.61. La milimita 58, yale ya viatu vya magurudumu manne yaliyokaa mawili mawili, ni 0.95. Tairi la baiskeli ya inchi 26 ni kama 0.22 tu, ndiyo maana baiskeli inapita pale ambapo kiatu kinakwama. Hesabu hii inachukulia gurudumu halibonyei na mwendo ni mdogo, lakini picha inatosha.

Kwa hiyo 110 imeshinda? Subiri kwanza. Viatu vya 110 huwa na magurudumu matatu kwa mstari, vya 80 vina manne. Ukigawa uzito sawasawa, la 110 limebeba theluthi na la 80 limebeba robo. Zidisha: 0.61 ya theluthi ni kama 0.20 ya uzito wako, 0.75 ya robo ni kama 0.19. Ni sare! Kiukweli uzito haugawanyiki sawasawa namna hiyo kiatu kikiinama, na kokoto ikiwa kubwa zaidi la 110 litaanza kuonyesha faida yake. Lakini kwa kokoto za kawaida za mtaani, ule ubabe wa "linapita popote" unapungua sana. Mtoto anayejifunza, kwa bei ile, ananunua zaidi kimo: mguu umenyanyuka juu zaidi ya ardhi na kifundo cha mguu kinayumba. Tena viatu vingi vya magurudumu makubwa huuzwa bila breki ya kisigino.

Kuhusu breki sitapita haraka, kwa sababu hapa ndipo neno "spidi" linapoacha kuwa sifa. Katikati ya jiji tuko kwenye kimo cha takriban mita 1,400, na juu yetu kuna mlima wa zaidi ya mita 4,500. Barabara zinazotoka upande wa mlima zinateremka, ndiyo tabia yake. Mteremko wa asilimia 5 machoni hautishi hata kidogo. Mtoto akiuanza akiwa amesimama, akaserereka mita 50 tu bila kusukuma, atakuwa ameshuka mita 2.5. Ukiweka kando msuguano, mwendo wake chini kule ni mita 7 kwa sekunde, yaani kilomita 25 kwa saa. Na chini kule mara nyingi kuna barabara kubwa, kuna daladala na bodaboda. Uzito wa mtoto haubadilishi hesabu hiyo. Kinachopunguza mwendo ni upotevu wa nishati, ule uleule ambao jedwali linauita kasoro ya gurudumu laini. Kwa anayeanza kwenye mji wa miteremko, gurudumu "zito" ni breki ndogo isiyozimika. Na masika yakifika, kuanzia Machi, gurudumu gumu kwenye lami iliyoloa au kwenye rangi ya pundamilia linateleza kama sabuni.

Vile viatu vya kigurudumu kimoja kisigoni, vingine vinawaka taa, sitavimalizia wino. Kigurudumu cha milimita 30 kikikutana na ile kokoto yetu kinahitaji kani karibu mara mbili ya uzito kilioubeba. Maana yake kiatu kinasimama na mtoto anaendelea na safari. Ni vya sakafu ya ukumbini, vikae huko.

Gurudumu laini nalo lina gharama yake. Mchanga wa Meru ni wa volkano, chembe zake zina makali na zinakula poliyurethani. Kwa hiyo ubadilishe nafasi za magurudumu mara kwa mara, maana la ndani na la mbele huisha upande mmoja. Vumbi hilo linaingia pia kwenye beringi, na hapa kuna namba nyingine ya kuuzia watu: ABEC 7, ABEC 9. Hicho ni kipimo cha usahihi wa uchongaji, na faida yake iko kwenye mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa mno. Gurudumu la milimita 80 kwenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa linazunguka kama mara 1,000 tu kwa dakika. Kwetu swali la maana ni je, beringi imezibwa kwa mpira? Tafuta alama 2RS. Saizi yenyewe ni 608, ya kawaida kabisa, inatumika hata kwenye vifaa vya umeme, kwa hiyo duka la beringi linakutosha. Huna haja ya kuagiza.

Basi kwa barabara zetu mimi ningechukua magurudumu manne ya milimita 80 au 84, ugumu wa 78A hadi 82A, breki ya kisigino ikiwepo. Na kabla ya kubishana kuhusu A, nunua vikinga vya viganja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kwenye jarida la tiba la New England uliona kwamba wasiovaa vikinga hivyo walikuwa kwenye hatari ya kuumia kiwiko cha kiganja takriban mara 10 ya waliovaa.

Kwa wanaonunua mtumba pale Kilombero au kwingineko, namba iliyochapwa pembeni isikutie moyo sana. Poliyurethani huzeeka, na aina nyingine huvunjwavunjwa na unyevunyevu hata kiatu kikiwa kabatini. Ni yaleyale ya soli za buti zinazomeguka siku ya kwanza kuvaliwa. Bonyeza gurudumu kwa ukucha: likiacha alama isiyorudi, au likatoa unga, rudisha. Likiwa zima, omba litolewe beringi, kisha liachie kutoka kimo cha mita moja lidunde kwenye saruji, na lingine la 82A liachie hivyohivyo. Yanaweza kuwa na namba moja na moja likadunda juu kuliko jingine, kwa sababu durometa ilipima kuzama kwa sindano, haikupima kurudi. Kwa kijana aliyekwisha zoea, chukua linalodunda. Kwa mdogo wa darasa la tatu anayekaa juu ya mteremko, mpe lile lingine.