Kereng'ende wa Saiwa na wa Nzoia: Picha Mbili, Mbinu Mbili

Magharibi mwa Kenya, msimu wa kereng'ende hufunguliwa na mvua ndefu, mwishoni mwa Machi na Aprili, wakulima wa Trans Nzoia wanapopanda mahindi. Nachambua hapa picha zangu mbili za msimu huo. Kitale na Bungoma ni majirani, lakini tofauti ya joto kati yao hubadilisha kabisa namna ya kupiga.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Picha ya kwanza niliipiga karibu na mji huo, Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi. Kereng'ende mwembamba, wa kundi lile linalofunga mabawa mgongoni, ameng'ang'ania jani la tete. Umande umemjaa machoni. Ukiikuza picha unaona tone moja limebeba matete mazima, yamepinduka juu chini. Hakuruka kwa kuwa hakuweza: misuli ya kifua ikipoa, mabawa hayampeleki popote. Basi mapambazuko hadi saa mbili hivi ni wakati wa stendi na shata ya polepole. Tundu la lenzi niliweka f/11, na kamera nikaiweka sambamba na mwili wake, maana ukisogea karibu kiasi hicho, sehemu inayotoka kali ni milimita chache tu. Adui pale ni njia ya mbao ya kuvukia kinamasi: mtu akipita, stendi yote hutikisika. Subiri apite.

Wapo wanaotia mdudu kwenye friji ili atulie. Sikubaliani nao hata kidogo. Baridi ya Saiwa inatosha, na mdudu hubaki kwake.

Bungoma ni chini zaidi, karibu mita 1,400, na adhuhuri kando ya mto Nzoia, upande wa Webuye, hakuna anayelala. Picha ya pili ni ya dume jekundu, Trithemis arteriosa, juu ya kijiti kikavu. Kumfuata ni kazi bure, kwani macho yake huona karibu pande zote, na kivuli chako kikimgusa tu, ameondoka. Lakini dume hulinda eneo lake na hurudi kwenye kijiti kilekile. Kwa hiyo nilikilenga kijiti, si mdudu: lenzi ya milimita 300, shata 1/1000, magoti chini hadi usawa wa macho yake. Nikasogea kando kidogo ili nyuma yake pawe na kivuli cha ukingo badala ya maji yanayometa. Alipotua, aliinua mkia ukaelekea jua. Ndivyo apunguzavyo joto, kwa kuliachia jua sehemu ndogo ya mwili.

Wengi huisifu ile ya umande. Kwangu ya pili ni bora, kwa sababu inaonyesha mdudu akiishi.

Ukishapata picha yako nzuri, piga nyingine ya ubavuni inayoonyesha wazi vibanio vya ncha ya mkia na mishipa ya mabawa, kisha andika mahali na tarehe. Spishi nyingi hutambuliwa kwa alama hizo, wala rangi peke yake haitoshi.