Chumba cha Newcastle Kinachopunguza Hofu kwa Hatua

Mtoto mwenye usonji anayeogopa basi hapotezi basi peke yake. Hofu hiyo humzuia kwenda shule, sokoni, hospitalini na hata kwa bibi yake, na wazazi hufungiwa nyumbani pamoja naye. Tiba iliyozoeleka ni kumsogeza mtu taratibu kwenye kile anachokiogopa, huku akifundishwa kuutuliza mwili na kuzipima upya fikra zinazomtisha. Mwanzoni mtaalamu humwambia afumbe macho na ajione yuko kituoni. Hapo watoto wengi wenye usonji hukwama, kwa sababu kukijenga akilini kitu kisichokuwapo na kukiongoza watakavyo ni kazi nzito kwao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza, wakiwamo Jeremy Parr na Morag Maskey, waliamua kumwonyesha mtoto kile alichokuwa akiombwa kukiwazia. Walishirikiana na kampuni ya Third Eye ya Consett, yenye chumba kiitwacho Blue Room, ambamo picha na sauti za mahali anapopaogopa mtoto humzunguka pande zote. Mtoto havai miwani ya uhalisia pepe, na uamuzi huo una uzito mkubwa. Watoto wengi wenye usonji hawavumilii kitu kinachobana kichwa au kugusa uso. Tena aliyevaa miwani hubaki peke yake ndani ya picha, wakati ndani ya chumba hiki mtoto anaiona mikono yake mwenyewe, na mwanasaikolojia yuko kando yake, wakitazama kitu kimoja.

Kazi huanza kabla ya picha yoyote kuwashwa. Mtoto hufundishwa kupumua taratibu, kulegeza misuli na kuitambua hofu inapoanza kupanda. Ndipo hufuata vikao vinne chumbani, ambavyo katika jaribio la kwanza vilikuwa vya dakika 20 hadi 30. Mtaalamu huendesha mandhari kwa tabuleti. Kwa anayeogopa basi, anaweza kuanza na kituo kitupu, kisha basi likaja, mlango ukafunguka, abiria wakaongezeka. Mtoto akizidiwa, mandhari husimamishwa mpaka atulie, ndipo hatua inayofuata ijaribiwe. Barabarani hakuna dereva atakayemsubiri hivyo. Katika jaribio la pili wazazi walifuatilia tiba kwa video, na baadaye familia zilisaidiwa kumkabilisha mtoto na hali ileile katika maisha ya kawaida.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2014. Walioshiriki walikuwa wavulana 9 wa miaka 7 hadi 13. Wanane waliweza kuikabili hali waliyokuwa wakiiogopa, na wanne kati yao waliishinda hofu yao kabisa. Mafanikio hayo yalikuwa bado yapo miezi 12 baadaye. Habari hizo zilitia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kwa watoto tisa tu huwezi kujua kwa uhakika kilichotokana na tiba na kilichotokana na muda kupita.

Jaribio la pili, la mwaka 2019, lilijibu swali hilo. Watoto 32 wa miaka 8 hadi 14 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: nusu walitibiwa, nusu walisubiri. Tiba ilitolewa na wataalamu wa kliniki za eneo hilo, na mabadiliko yalipimwa na watu wasiohusika na tiba. Wiki mbili baadaye, watoto 4 kati ya 16 waliotibiwa walikuwa wamepata nafuu. Baada ya miezi sita walifika 6. Katika kundi lililosubiri hakupata nafuu hata mmoja. Hali ilizidi kuwa mbaya kwa mtoto mmoja aliyetibiwa na kwa watano ambao hawakutibiwa.

Sita kati ya 16 ni wachache kuliko wanane kati ya tisa, na bado ndiyo takwimu ninayoiamini zaidi, kwa kuwa ilipatikana kwa kipimo kigumu. Wale watano wa kundi la kusubiri wanatuonya kwamba hofu iliyoachwa inaweza kukua, hivyo kusubiri "atazoea tu" kuna gharama yake. Na kupanda kutoka 4 hadi 6 baada ya vikao kwisha kunanielekeza kuamini kwamba sehemu kubwa ya tiba hufanyika nje ya chumba, mtoto akiwa na mzazi wake mbele ya basi la kweli.

Kwa hiyo kliniki inayofikiria kununua mitambo ya uhalisia pepe ijiulize kwanza nani atakaa kando ya mtoto, nani atampimia mwendo wake, na nani atafuatana naye mtaani kikao kikiisha. Majibu hayo yakikosekana, fedha zianze kwa kumsomesha mtaalamu. Mwendo wa hatua kwa hatua, kupumua na mzazi aliyefundishwa havihitaji skrini, na mtoto anaweza kuanza kusaidiwa navyo sasa.