Dhahabu Katika Mwandiko: Pambo au Herufi?

Wahakiki wa mwandiko wa Kiarabu wana desturi ya kumsifu mwandishi kwanza, kisha kumtaja mtia-dhahabu mwishoni, kana kwamba alikuja kupamba kazi iliyokwisha kukamilika. Desturi hiyo haipatani na kazi zenyewe. Misahafu miwili yatosha kulionyesha jambo hili: ule uitwao Msahafu wa Buluu, wa karne ya 9 au ya 10, ambao kurasa zake nyingi zimo Tunisia na nyingine zimetawanyika katika makumbusho ya nchi mbalimbali, na Msahafu wa Baybars, ulioandikwa Kairo kati ya mwaka 1304 na 1306, ambao sasa umehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Uingereza, London.

Yafaa kwanza kuieleza kazi. Dhahabu hufuliwa kwa nyundo mpaka iwe utando mwembamba unaoweza kupeperushwa na pumzi ya mtu. Utando huo ama hubandikwa juu ya gundi iliyochorwa kwa umbo la herufi, na ziada yake ikapanguswa. Ama husagwa kwa vidole pamoja na asali au gundi, ukaoshwa kwa maji na kufanywa wino. Kwa njia yoyote ile, dhahabu haing'ai sawasawa mpaka isuguliwe kwa jiwe laini, kama akiki. Shida kubwa imo ukingoni. Utando hupasuka upendavyo, na wino wa dhahabu ni mzito, hautiririki kama wino wa masizi. Ndiyo sababu herufi huzungushiwa mstari mwembamba wa wino mweusi au wa kahawia. Na mkono unaouvuta mstari huo ndio unaoamua herufi iishie wapi. Je, huyo naye ni mpambaji tu?

Neno lenyewe lina hatia. Kiswahili kilipokea «dhahabu» kutoka Kiarabu (kwa wasemaji wengi wa Lubumbashi ni «zahabu»), lakini hakikuupokea mnyambuliko wa mzizi uo huo, «tadhhib», unaotaja ufundi wa kutia dhahabu katika kitabu. Basi waandishi hujisaidia kwa kitenzi «kupamba». Lakini kinachopambwa huwa kipo tayari: bibi harusi hupambwa, nyumba hupambwa. Herufi ya dhahabu haikuwapo kabla ya dhahabu. «Kutia» ni kitenzi cha unyenyekevu zaidi, nacho hakipotoshi.

Tofauti ya misahafu hii miwili yaonekana hapo. Msahafu wa Buluu una mistari 15 katika kila ukurasa, kwa hati ya Kikufi, bila alama za irabu, juu ya ngozi yenye rangi ya nili. Nafasi kati ya herufi hazifuati mipaka ya maneno. Asiyeyahifadhi maandishi atasoma kwa taabu. Alama za fedha zilizogawa aya zimefifia na kuwa nyeusi, dhahabu ikabaki. Uzuri wake haukanushiki, ila ni uzuri uliokusudiwa macho kuliko ulimi.

Msahafu wa Baybars, wenye majuzuu saba, una mistari sita tu kwa ukurasa. Hati yake ni thuluthi ya dhahabu yenye ukingo mweusi, na irabu zake zimetiwa kwa rangi nyekundu. Hapa dhahabu yasomeka. Mwandishi wake, Ibn al-Wahid, amesifiwa kwa haki. Lakini majina ya mafundi wa dhahabu na nakshi, miongoni mwao Muhammad ibn Mubadir na Abu Bakr aliyejulikana kwa jina la Sandal, yameandikwa humo pia. Watu wa zama zile waliona kazi hiyo yastahili jina. Uhakiki wa baadaye ndio uliowasogeza pembeni.

Kuna kikwazo kingine. Wanafunzi wengi wa Kongo wataiona kazi hii kwa picha peke yake, na katika picha dhahabu hugeuka manjano mfu, kwa kuwa mng'ao hutegemea mwanga na namna ukurasa unavyogeuzwa mkononi. Kinachobaki wazi katika picha ni ule ukingo mweusi. Mwanafunzi anayeusifu mkono wa Ibn al-Wahid kwa kutazama picha anausifu, pasipo kujua, mstari wa aliyeizungushia dhahabu.