Usomaji na Usemaji: Uhakiki wa Hazina ya Sauti za Kinyarwanda

Makala haya yanahakiki hazina ya Kinyarwanda katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, iliyokusanywa kwa ushirikiano na Digital Umuganda. Wingi wake, zaidi ya saa 2,000, ni fahari kwa lugha za Kibantu. Hata hivyo, wachangiaji walisoma sentensi zilizokwisha kuandikwa. Kusita, kukatizana na kuchanganya ndimi havimo. Aidha, maandishi ya kawaida ya Kinyarwanda hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu. Gisenyi, mpakani na Goma, mchuuzi huchanganya Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa katika kauli moja. Tunapendekeza mazungumzo hayo yarekodiwe kwa ridhaa ya wasemaji, na mashine ipimwe kwayo kabla ya kupelekwa zahanati, ambako neno lililosikiwa vibaya humdhuru mgonjwa.