Vumbi Sio Historia

Sisi wahakiki vijana tumezoea kuchambua dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mavazi tunawaachia mafundi cherehani. Leo nataka kuyavuta yakae meza moja na hao wenzake, na mfano wangu unatoka Japani, kwa sababu huko nguo za kwenye tamthilia zinaweza kugombanisha watu wazima, hata wakubwa wa serikali.

Tangu mwaka 1963 shirika la utangazaji la Japani, NHK, limekuwa likionyesha tamthilia ndefu za kihistoria Jumapili usiku. Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya Taira no Kiyomori, mbabe wa karne ya 12. Waandaaji wakaamua kutupa usafi pembeni: nguo zimepauka, nyuso zina vumbi, hewa yenyewe nzito. Gavana wa mkoa wa Hyogo, ambao ulitegemea jina la huyo Kiyomori livute watalii, akalalamika hadharani kwamba picha ni chafu.

Miaka minane baadaye ikaja Kirin ga Kuru, iliyoanza Januari 2020 na kumalizika Februari 2021. Jina lake ni kusema "Kirin anakuja", naye Kirin ni mnyama wa hekaya anayetokea akipatikana mtawala wa kuleta amani (siku hizi Wajapani humwita hivyo hata twiga). Ni habari ya Akechi Mitsuhide, jemadari aliyemgeuka bwana wake Oda Nobunaga mwaka 1582. Mbunifu wa mavazi alikuwa Kazuko Kurosawa, binti wa yule mwongozaji mkubwa Akira Kurosawa. Safari hii hakuna kupauka. Kijani, bluu, njano, nyekundu, zote kali, tena zimepigwa na kamera mpya zisizosamehe kitu. Watazamaji wakaja juu tena: eti macho yanauma, eti rangi hizi sio za kale!

Sasa jamani, mtu anataka nini? Ukimpa vumbi, anasema uchafu. Ukimpa rangi, anasema uongo.

Msimamo wangu ni huu: Kurosawa alikuwa karibu na ukweli kuliko waliomzomea. Mafundi wa karne ya 16 walijua kupata nyekundu ya maua na ya mizizi, njano ya majani na bluu ya nili, na kitambaa kikitoka kwenye rangi kiling'aa hasa. Sisi tunachokiona makumbusho ni kile kilichobaki baada ya miaka mia nne ya mwanga na hewa. Halafu lipo jambo la pili. Katika zama za Edo, watawala wa ukoo wa Tokugawa walitoa amri za kuwazuia wafanyabiashara na watu wa kawaida wasivae kifahari. Watu wakakimbilia kahawia, kijivu na bluu nzito, wakazichanganua mpaka zikawa na majina chungu nzima. Hiyo Japani ya rangi za upole tunayoiita "ya asili" ilizaliwa kwa amri. Anayemdai Mitsuhide avae vile anamvisha mavazi ya vitukuu wake.

Lakini rangi ni nusu tu ya hoja. Nusu nyingine ni mshono. Vazi la wakati ule, kosode, ndilo mzazi wa kimono ya leo, ila halifanani na mtoto wake kama tunavyodhani. Kiwiliwili kilikuwa kipana, mikono ilikuwa myembamba, na mshipi wa kiunoni ulikuwa mwembamba pia. Ule mshipi mpana wa mwanamke, unaombana kuanzia tumboni mpaka kifuani, ulikuja baadaye. Ndiyo maana mwanamke wa karne ya 16 aliweza kuketi goti moja limesimama na vazi lisimfunue. Katika Kirin ga Kuru waigizaji wa kike walikaa hivyo, na wapo watazamaji walioona ni utovu wa adabu. Kumbe ndiyo ilikuwa adabu yenyewe! Hapo ndipo namvulia kofia mbunifu na washauri wake wa historia. Nguo imebadilisha mkao, na mkao umembadilisha mhusika. Mwanamke yule haonekani tena kama ua lililowekwa kwenye chungu.

Sasa nimkosoe. Rangi kali ni ghali. Hariri iliyodariziwa na kutiwa dhahabu ilikuwa ya mabwana. Mkulima alivaa kitambaa kigumu cha nyuzi za mimea, mara nyingi bila rangi ya maana. Katika tamthilia hii, mtu wa chini naye mara nyingine kapiga pamba kama ametoka dukani asubuhi ileile. Hapo rangi inapoteza kazi yake. Kama kila mtu anang'aa, mng'ao hausemi tena nani ana kitu na nani hana. Ukweli wa rangi umekula ukweli wa tabaka, na kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko vumbi la mwaka 2012.

Tuitazame na Shōgun ya mwaka 2024, iliyopigwa picha Kanada na kuhadithia Japani ya mwaka 1600. Mavazi ni ya Carlos Rosario, na yalipata tuzo ya Emmy. Mshono umefanyiwa utafiti, mshipi ni mwembamba, nywele za wanawake zimeachwa kushuka mgongoni kama inavyotakiwa. Safi. Lakini mwanamke wa daraja la Mariko, aliyeolewa, kwa desturi angetia meno rangi nyeusi na kunyoa nyusi. Mariko wa Anna Sawai ana meno meupe na nyusi zake. Kwa nini? Kwa sababu mtazamaji wa leo angeshtuka, na mwigizaji lazima auze sura. Katika filamu ya Ran ya mwaka 1985, Akira Kurosawa na mbunifu wake Emi Wada hawakuogopa: Kaede ana nyusi zilizochorwa juu kwenye paji la uso, na anatisha kwa sababu hiyo hiyo. Uhalisia wa televisheni husafiri vizuri, ila ukifika kwenye uzuri wa uso hushuka kituoni.

Wapo pia wanaodhani uhalisia ni kuondoa kila cha kigeni. Toyotomi Hideyoshi, bwana wa Japani nzima, alikuwa na koti la vitani lililokatwa kutoka kwenye zulia la hariri la Uajemi. Lingali limehifadhiwa katika hekalu la Kodai-ji, Kyoto. Wareno walifika huko mwaka 1543, na vazi la ndani la kimono hadi leo linaitwa juban, kutoka neno la Kireno ambalo asili yake ni Kiarabu, jubba. Ndilo hilo hilo tunaloliita juba. Wareno hao hao ndio waliotuachia sisi neno leso. Mbunifu atakayemvua Hideyoshi zulia lake ili "amrudishe Ujapani" atakuwa ametunga uongo msafi.

Kwa hiyo, wewe mwenzangu unayeandika riwaya ya kihistoria gizani huko, usimpake mhusika wako vumbi ukadhani umemaliza. Jiulize nguo yake imegharimu nini, imetoka bandari gani, na ikiwa mwilini inamruhusu kukaa vipi. Ukijibu hayo matatu, msomaji atakulalamikia kwamba hajawahi kuona zamani ya namna hiyo. Mwache alalamike. Kurosawa naye walimlalamikia.