Juu ya Insha za Kuchekesha

Walimu wengi wakitaka watoto waandike insha ya kuchekesha huandika neno hilo ubaoni, kisha huketi kungoja. Desturi hiyo twaiona kuwa na kosa, na sisi wenyewe tuliifuata miaka mingi. Kuchekesha ni ufundi kama kusuka kikapu: asiyeonyeshwa kuanza kitako hafiki ukingoni.

Hapa Migato, mkoani Simiyu, tuliagiza insha ya namna hiyo siku moja. Kijana mmoja aliandika habari za mwenzake aliyekuja shule na viatu vya baba yake, hata viatu vikawa vyamtangulia njiani. Maneno yalipangwa vizuri. Darasa zima lilicheka, na sisi wenye chaki mkononi tulicheka pamoja nao. Mwenye viatu hakucheka, na siku tatu hakuonekana shuleni. Tulipokwenda kwao, baba yake alitukaribisha kwa heshima, akasema, "Mwalimu, viatu vile ni vyangu, hata mimi huvivaa Jumapili tu." Tulikosa jibu.

Tangu hapo tumejiuliza: je, insha ile ilikuwa nzuri? Maneno yake, ndiyo. Lakini ilicheka umaskini, na umaskini si kosa la mtu. Basi tulitafuta mazoezi mengine.

La kwanza ni hadithi ya Abunuwasi na sufuria, ambayo wengi wenu mwaijua. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akisema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Mara ya pili akaambiwa sufuria imekufa. Twawaambia watoto waisimulie bila kule kuzaa. Mara huona wenyewe kwamba kicheko kimetoweka, na kumebaki mwizi na uongo wake. Kumbe kicheko hakikai katika neno la mwisho, bali katika lile la kwanza ambalo jirani alilikubali kwa tamaa yake. Aliyesadiki uzazi atakanaje mauti?

Tena hatucheki mwili wa jirani wala nguo zake. Twacheka tamaa, na mtego aliuingia kwa miguu yake. Ufundi huu si wa mzaha peke yake. Nabii Nathani alipomweleza Daudi habari za mwana-kondoo wa maskini, mfalme alitoa hukumu kabla hajajua kwamba amejihukumu mwenyewe. Mmoja huchekesha, mwingine huliza, ila mtego ni mmoja.

La pili ni kutazama. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kitabu chake juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kwa Kiswahili kilipigwa chapa mwaka 1980. Myombekere aendapo ukweni kumwomba mkewe arudi, mwandishi hana haraka. Hueleza salamu, chakula na adabu zote. Tukicheka, twamcheka kama ndugu, kwa kuwa tumekwisha kaa naye. Kwa hiyo twawaagiza watoto waeleze siku ya kupima pamba, pasipo kutia neno lolote la kuchekesha. Mara nyingi kicheko huja chenyewe.

La tatu ni kujicheka. Kijana yule wa viatu tulimpa zoezi hili kwanza. Aliandika jinsi alivyomswaga fahali mkaidi jioni nzima kwa fimbo na matusi, akafika nyumbani akamkuta fahali wao amelala zizini, na mwenye fahali amesimama nyuma yake. Insha hiyo ilishinda ile ya kwanza kwa kila kipimo, na mwenye viatu naye alicheka.

Wako wasemao kwamba tukiwafunga watoto hivi kicheko kitapoa. Sivyo. Vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hudhihakiana kwa nyimbo mbele ya watu wote. Lakini kila upande una zamu yake ya kujibu. Mtoto wa viatu hakuwa na zamu. Hapo ndipo twaweka mpaka.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Basi, mwalimu mwenzetu, kabla hujaisoma insha ya kuchekesha mbele ya darasa, mtafute kwa macho yule atakayechekwa, ujue kama ataweza kujibu.